Mjomba, wale Wakorintho hawakuwa waoga

Mjomba shikamoo. Tangu tubishane kuhusu Wakorintho, wale watu wa mji wa Korintho wa Ugiriki ya kale waliogeuka kabla ya kupigana na Athene, sijatulia, ulisema jeshi linaloondoka kabla ya vita ni jeshi la waoga, basi naomba nikujibu hapa hapa mbele za watu maana wengi wanafikiri kama wewe.

Angalia ilivyoanza. Isagoras na Cleisthenes wanagombania madaraka kule Athene, mwaka 508 KK hivi, Isagoras anaona wananchi wanaenda kwa mwenzake, anamwita rafiki yake Cleomenes mfalme wa Sparta, mji mwingine wa Ugiriki. Huyo anakuja na kikosi kidogo, anafukuza familia 700, anataka mpaka kuvunja baraza, watu wakachachamaa wakawazingira juu ya Akropoli, kile kilima chenye ngome cha Athene, siku mbili, ya tatu wakakubaliana Wasparta watoke, na Isagoras akatoka nao. Ilikuwa aibu kubwa kwa Sparta.

Sasa vita yenyewe. 506 KK Cleomenes anakusanya jeshi Peloponnese nzima, yaani rasi ya kusini ya Ugiriki walipo Sparta na Korintho, na hasemi wanaenda kufanya nini! Mtu unaacha shamba lako, unabeba mkuki na ngao, unatembea mpaka Eleusis karibu na Athene, kumbe mwenzio anataka kulipiza kisasi na kumrudisha Isagoras awe dikteta. Majeshi yanakaribia kukutana kabisa, Wakorintho wakajadiliana wao kwa wao wakaona hii tunayofanya siyo haki, wakageuza wakaenda kwao. Demaratus, yule mfalme wa pili wa Sparta aliyekuwa anaongoza pamoja na Cleomenes, naye akaondoka, washirika wengine kuona hivyo wakafunga virago. Mjomba, kumwambia Sparta hapana ukiwa ndani ya jeshi lake, mwoga anaweza hiyo?

Athene wakapata nafasi, wakawapiga Waboeotia, jirani zao waliokuwa upande wa Cleomenes, wakateka watu 700, siku hiyohiyo wakavuka kwenda kisiwa cha Euboea wakawapiga na watu wa mji wa Chalcis. Mateka walikombolewa kwa mina 2 (kipimo cha fedha cha Wagiriki) kila mmoja, pingu zao zikatundikwa Akropoli.

Na baada ya miaka michache Sparta ikarudia tena, safari hii inataka kumrudisha Hippias, dikteta wa Athene ambaye wao wenyewe walimfukuza 510 KK. Wajumbe wa washirika wamekaa kimya, hawajapenda ila hakuna anayesema, akasimama Socles wa Korintho akawasimulia mateso ambayo mji wake ulipata chini ya madikteta wake, ndipo wengine nao wakapaza sauti kumuunga mkono. Mpango ukafa palepale, Hippias akaondoka zake, baadae akaenda kutafuta msaada kwa Waajemi.