Mkataba wa Fuadi

Shoga yangu, asalamu aleikum,

Hamjambo huko Malindi, mama mzima, mtoto ashapona kikohozi? Huku Lamu twashukuru, joto tu na stima kukatika ovyo. Najua nimenyamaza sana, utanitukana baadaye, leo nina jambo.

Kuna hoteli kule Shela (jina silitaji, utakisia mwenyewe) yamtaka Fuadi awatungie wimbo wa tangazo, udi wake na sauti ya Bi Nasra. Elfu 60 taslimu! Fuadi keshazitumia zote kichwani. Sasa mkataba umeletwa kwa wasap, kurasa sita za Kizungu, na ndani wasema wimbo utakuwa wao, milele, dunia nzima. Namwonyesha Fuadi, aniambia ati haina neno, mtunzi ni yeye, kwa hivyo wimbo ni wake wandike watakavyo.

Mimi nikaitafuta sheria ya hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31. Kweli hakimiliki huanza kwa mtunzi, lakini ukiagizwa kazi na mtu ambaye si mwajiri wako, inahesabiwa imehamia kwa yule aliyeagiza, mpaka muwe mmekubaliana vingine. Yaani shoga hata wangelifuta hilo neno milele, sisi tukinyamaza tumeuza! Kufuta hakutoshi, lazima tuandike kabisa kwamba wimbo wabaki kwa Fuadi na hoteli yapewa ruhusa ya kuutumia kwa tangazo, tuseme miaka miwili, wakitaka zaidi walipe tena. La sivyo Bi Nasra akitaka kuurekodi akaombe ruhusa risepsheni, ha! Na Fuadi alivyo na ndoto zake za skiza, zile nyimbo asikiazo mtu akikupigia simu, sheria ilibadilishwa 2022, mwenye wimbo apata si chini ya asilimia 52 ya mapato yake, lakini mwenye wimbo atakuwa nani, si hoteli? Na hakimiliki yaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufa, wajukuu zake watakuwa hawana hata senti.

Halafu kiitikio kakitoa kwenye vugo, ile ngoma ya harusi ya kina nyanya, sasa hicho ni cha nani, cha mji mzima? Kuna sheria nyingine ya 2016 ya mambo ya jadi, hiyo yataka idhini ya jamii, lakini jamii yenyewe nikaiulize wapi, uwanjani Mkunguni? Basi hilo tuliache kwanza.

Hoteli yataka sahihi Alhamisi. Yule wakili wako aweza kuutupia jicho bila kutulipisha? Au wewe mwenyewe utuandikie hiyo mistari miwili kwa Kizungu chao? Na Bi Nasra, yeye mwimbaji ana haki zake mbali ama alipwa na Fuadi yakaisha? Wakikasirika wakamtafuta mtu mwingine Fuadi atanisamehe kweli? Na waja lini, au hata Maulidi hutuoni?

Wako,
Mwanaesha