Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Kuhusu Kanuni za Mapigano

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha michezo ya mezani inamtaka mwenyekiti asome taarifa yake kabla ya uchaguzi. Yasiyo na ubishi nayamaliza kwanza. Hesabu za fedha anazo mweka hazina na karatasi zake zimeshagawiwa. Wenye madeni ya ada wanajijua. Ukumbi bado tunao kwa masharti yale yale, yaani tuondoke na takataka zetu na tupunguze makelele jirani wanapokuwa kwenye ibada. Katibu ameniomba niwakumbushe kwamba dadu za pande ishirini ni mali ya chama, si mali ya aliyezishika mwisho.

Sasa niende kwenye jambo lililotuchukulia nusu ya vikao vya kamati: kanuni za mapigano katika Pendragon, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu na karatasi.

Kwa wanachama wapya, huu ndio mchezo mkubwa wa meza yetu ya kwanza. Aliyeutunga ni Greg Stafford, Mmarekani mwanzilishi wa kampuni ya Chaosium, na ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1985. Kila mchezaji ni naiti, yaani askari mpanda farasi mwenye deraya, wa zama za Mfalme Arthur wa hadithi za Uingereza, kwa kawaida anaanzia Salisbury akiwa kijana wa miaka 21, na msimulizi ndiye anayeendesha visa. Toleo la sita limeshatoka, lakini sisi bado tunatumia la tano, la mwaka 2005, na kila ninaposema "kitabu" nina maana ya hilo.

Mkutano mkuu uliopita ulipitisha jaribio la mwaka mmoja. Kitabu kinasema pigo kamili, lile bora kuliko yote, linazidisha maradufu dadu za madhara, yaani zile za pande sita zinazopima jeraha. Jaribio likasema liongeze dadu moja tu. Hoja ilikuwa vifo. Wajumbe walisema, na kwa uchungu wa haki kabisa, kwamba mtu anaandika historia ya mhusika wake hadi jina la mbwa wa babu yake, halafu anafia kwenye pambano la kwanza. Mimi nilikuwa upande uliozidiwa kura. Kura ni kura, na kamati ililisimamia jaribio kama ilivyoagizwa. Mwaka umekwisha, na kamati kwa kauli moja inapendekeza turudi kitabuni. Nawaomba mnivumilie nieleze sababu, kwa kuwa nimesikia kwenye korido kwamba tunarudi nyuma kwa ukaidi wa wazee.

Kwenye mchezo huu hakuna zamu ya kushambulia na zamu ya kujikinga. Wawili wanaopigana wanarusha dadu kwa pamoja, kila mmoja moja ya pande ishirini. Unatafuta namba isiyozidi kiwango chako cha silaha. Wote wawili wakifaulu, mwenye namba kubwa ndiye anayepiga. Namba ikiwa sawasawa na kiwango chako, hilo ni pigo kamili. Kama kiwango chako hakijafika 20 na dadu ikaonyesha 20, umechemsha, upanga uko chini.

Chukueni pambano la kivukoni, ambalo meza nzima ililiona. Naiti wetu alikuwa ameshuka kwenye farasi, upanga wake 15. Aliyekuja mbele yake ni mtu wa Cornwall mwenye upanga 12. Dadu zikatua: wetu 9, mwenzake 11. Wote wamefaulu, lakini 11 ni kubwa, kwa hiyo aliyepigwa ni yule aliye hodari zaidi. Mchezaji mgeni akasema hiyo ni dhuluma. Hapana. Aliyeshindwa hali dadu yake imefaulu anapata ulinzi wa ngao, pointi 6, juu ya deraya ya pete za chuma yenye 10. Dadu tano za madhara zilitoa 19. Ukitoa 16, zimepenya 3. Jeraha la kufunga kitambaa tu. Kama dadu yake isingefaulu, ngao isingehesabiwa na angekula 9.

Ila pambano lilikuwa halijaisha. Zile 19, kabla ya kutoa deraya, zilizidi Ukubwa wake ambao ni 15, na kanuni inataka arushe dadu ya Wepesi kuona kama atabaki wima. Hakubaki. Akiwa chini kwenye maji anapunguziwa 5 na aliyesimama anaongezewa 5, kwa hiyo upanga wa 15 umekuwa 10 na ule wa 12 umekuwa 17. Mezani pakawa kimya. Mchezaji akatazama karatasi yake, akasema, "Nasalimu amri." Wa Cornwall akachukua farasi na silaha, bwana wa naiti wetu akalipa fidia, na kisa cha kumrudisha farasi yule kikatupa jioni mbili nzuri kuliko zote za mwaka. Mrusho mmoja tu wa dadu ndio ulioyazaa hayo yote, na jeraha lenyewe lilikuwa la pointi 3.

Sasa tazameni jaribio limefanya nini. Wastani wa dadu tano ni 17.5. Mtu mwenye deraya na ngao ana 16. Maana yake pigo la kawaida, kwa aliyefaulu akazidiwa, linapenya kwa pointi moja na nusu hivi, na naiti wa kawaida ana uhai karibu 29. Kitabu kinajua hivyo, na ndiyo maana kimeweka pigo kamili: dadu kumi, wastani 35, zinapenya 19 hata ukiwa na ngao. Hilo linafika Afya ya mtu, yaani kiwango cha uimara wa mwili wake, na kuhesabiwa kuwa jeraha kubwa. Sisi tukalikata likawa dadu sita, wastani 21, zinapenya 5. Tuliondoa kifo, ni kweli, na mwisho wa mapigano ukaondoka nacho. Mliokuwepo siku ya darajani mnakumbuka: manaiti wawili wazuri, deraya nzuri, wanagongana mpaka chai imepoa, wachezaji wengine wako kwenye simu zao, na msimulizi akaamua mvua inyeshe ili wote wakimbie. Msimulizi akishaanza kuita mvua, kanuni imemshinda.

Lililoniuma mimi binafsi ni shauku. Naiti ana mapenzi kwa familia, utii kwa bwana wake, wengine chuki kwa Wasaksoni, kila moja na kiwango chake, na kabla ya pambano anaweza kuiita ile inayohusika. Ikikubali, kiwango cha silaha kinapanda kwa 10. Upanga wa 15 unakuwa 25, na kinachozidi 20 kinajumlishwa kwenye dadu, na jumla ikifika 20 ni pigo kamili, kwa hiyo kuanzia 15 mpaka 20 kila namba ni pigo kamili: pande sita kati ya ishirini, badala ya ule mmoja ambao kila mtu anao. Ikikataa, anapigana akiwa amevunjika moyo na amepunguziwa. Akichemsha hapo, akili inamruka na anatokomea porini, mchezaji anabaki ameshika karatasi isiyo na mtu. Ni kamari kubwa kwa malipo makubwa. Tulipopunguza malipo tukaacha hatari ilivyo, watu wakafanya hesabu, wakaacha kuita shauku. Tangu katikati ya mwaka sikusikia mtu mezani akisema anapigana kwa ajili ya mke wake. Mchezo wa manaiti wasiompenda wala kumchukia mtu yeyote, mimi naona ni heri tucheze karata.

Kuhusu vifo vyenyewe, katibu alipitia kumbukumbu za vikao kwa ombi la kamati. Vingi havikutokana na pigo kamili la bahati mbaya. Vilitokana na mambo mawili.

La kwanza ni kupigana na wengi. Anayekabiliwa na maadui kadhaa analazimika kugawa kiwango chake. Upanga wa 18 dhidi ya watatu ni 6, 6 na 6, au 10, 4 na 4, chagua mwenyewe namna ya kuumia. Naiti aliyekataa kurudi nyuma kwenye lango la kijiji alikufa kwa hesabu ya kugawanya, na alikuwa ameonywa na meza nzima. Kifo kile kilikuwa kizuri, na hata mwenyewe anakisimulia hadi leo, lakini asikilaumu kitabu. Angeweza kupigana kwa kujihami, ambako unaongezewa 10 na kukubali kutomdhuru mtu, akasubiri wenzake wafike.

La pili ni mazoea tuliyotoka nayo kwenye michezo mingine, ambako adui hana njia ila kufa. Wengi wetu tulianzia kwenye mashimo ya majoka, yaani Dungeons & Dragons. Kwa manaiti halisi haikuwa hivyo. Agosti 1119 huko Brémule, Normandy, Henry wa Kwanza wa Uingereza alipigana na Louis wa Sita wa Ufaransa. Mtawa Orderic Vitalis aliandika kwamba kati ya manaiti wapatao 900 waliokuwepo waliouawa ni watatu tu, kwa kuwa walivaa chuma mwili mzima na walitaka kutekana kuliko kuuana. Mateka ni fedha. William Marshal, naiti maarufu wa Uingereza aliyefariki 1219, alijijenga kwa kuteka watu kwenye mashindano. Ni kweli mchezo wetu unajidai uko kwenye karne ya tano na ya sita huku watu wamevaa mavazi ya karne zilizofuata, lakini hilo mtungaji alilifanya makusudi, na tabia ya fidia imo kitabuni humo humo. Hata mashindano yamegawanywa: yale ya upendo, ambako hakuna wa kupoteza mali, na yale ya nyara, ambako mshindi anaondoka na farasi wako.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo lenye vipande viwili. Kwanza, pigo kamili lirudi kuzidisha madhara maradufu, bila nyongeza wala pungufu. Pili, na hili ndilo jipya, msimulizi atangaze kabla ya dadu kurushwa kama adui anataka damu au anataka fidia. Wasaksoni wa mpakani mara nyingi watataka damu. Naiti wa jirani mwenye ugomvi wa malisho atataka farasi. Mchezaji akijua hilo ataamua mwenyewe pa kukoma. Mjumbe mmoja alitaka pia huduma ya kwanza irudishe uhai zaidi ya ile dadu ndogo ya moja mpaka tatu, na iruhusiwe mara nyingi kwa jeraha moja. Kamati imekataa. Aliyepoteza 14 na anayepona pointi tatu kwa wiki anapaswa kulala kitandani zaidi ya mwezi mzima. Huko kitandani ndiko wengine wanapata nafasi ya kuonekana.

Wanaohofia kumpoteza mhusika wao wakumbuke urefu wa safari. Kampeni tunayoicheza inaanza mwaka 485, enzi za Uther, baba yake Arthur, na inaishia 566. Kwa kawaida ni kisa kimoja kwa mwaka, halafu majira ya baridi: anazaliwa mtoto, farasi anakufa, na kuanzia umri wa miaka 35 uzee wenyewe unaanza kurushiwa dadu. Hakuna naiti wa leo atakayeiona Camlann, vita vya mwisho vya Arthur, hata akiepuka kila upanga. Kwa hiyo oeni, zaeni, andikeni majina ya warithi. Karatasi nne nilizozikagua wiki iliyopita hazina mrithi hata mmoja, na mbili ni za wajumbe wa kamati.

Utaratibu wa leo: kura ya kanuni itapigwa kwa siri baada ya mapumziko, na vipande viwili vitapigiwa kura kila kimoja peke yake. Wanaopinga wamepewa muda sawa na kamati, na msemaji wao ni yule yule aliyeleta hoja mwaka jana. Kura ikipita, kanuni zitaanza kutumika kikao kijacho, siyo katikati ya pambano la ngome ambalo meza ya pili wameliacha mlangoni. Uchaguzi utafuata. Mimi sigombei tena, ila kiti changu cha msimulizi siku za Jumamosi nakishikilia mpaka Uther azikwe.

Mwenyekiti