Kadi ya mshahara ya mwanangu imeshikwa na mkopeshaji: nimlipie au nimwache?

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Morogoro. Mimi ni muuguzi mstaafu, mjane, mama wa watoto wanne, na shida ninayoileta kwako ni ya mwanangu wa pili, mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 33, ambaye ana mke na watoto wawili. Madeni ya mtu mzima ni siri yake, na nisingeyaandika hapa kama siri hiyo isingekuwa imeshatoka. Mwezi uliopita niliingiwa na ujumbe kutoka namba nisiyoijua, ukinitaarifu kwamba nimeandikishwa kuwa mdhamini wa mkopo wake na kwamba picha yake itasambazwa kama ya tapeli nisipolipa kabla ya saa kumi jioni. Ujumbe huohuo ulimfikia mkuu wake wa shule, mashemeji zake, na hata fundi aliyewahi kumjengea choo, kwa kuwa programu ile ya mikopo ilichukua namba zote zilizokuwa kwenye simu yake siku alipojiunga nayo.

Nilimwita nyumbani. Alikuja na ukurasa uliochanwa kwenye daftari, madeni yote yameorodheshwa kwa kalamu nyekundu, ileile anayosahihishia kazi za wanafunzi, nami nikamtaka anieleze moja baada ya jingine bila kuruka.

Mwanzo wake haukuwa na ubaya wowote. Alichukua mkopo wa watumishi benki ili ajenge, makato yakapanda mpaka mshahara ukabakia ile theluthi moja ambayo kwa utaratibu haiguswi, na mkononi akawa anapata kama shilingi 280,000. Nyumba yenyewe imeishia kwenye lenta. Baba mkwe wake alipofariki, yeye akiwa ndiye mkwe mwenye ajira, alitakiwa kuchangia msiba na kusafirisha familia, naye akakopa shilingi 500,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Dhamana aliyoiweka ni kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Tangu hapo mshahara ukiingia, anayekwenda kwenye mashine ni mwenye kuishika kadi. Anatoa fedha zote, anakata riba yake ya shilingi 150,000, kisha mwalimu mzima mwenye shahada anafuata kilichobaki dukani kwa mtu huyo kama kibarua anayesubiri posho. Kwa miezi minane amelipa shilingi 1,200,000, na deni la msingi liko palepale, halijapungua hata shilingi moja.

Familia ya watu wanne haiwezi kuishi mwezi mzima kwa shilingi 130,000, na hapo ndipo programu za simu zilipoingia. Anaomba laki moja, ada inakatwa juu kwa juu, anapokea pungufu ya elfu themanini, na baada ya wiki moja au mbili anadaiwa laki nzima na nyongeza. Siku ikifika anakopa kwa huyu amlipe yule. Mbali na mkopo wa benki, ambao siuhesabu kwa kuwa unajikata wenyewe, tulipojumlisha pamoja na riba ya mwezi huu tulipata shilingi 650,000 za mwenye kadi, 520,000 za programu, 400,000 za mama mmoja anayekopesha kwa marejesho ya kila wiki, 380,000 ambazo mkewe amezichukua kwenye kikoba kumsaidia, na 250,000 za walimu wenzake. Jumla ni shilingi 2,200,000. Nilimuuliza waziwazi kuhusu kubeti, akakana, na kwa mahesabu niliyoyaona ninamwamini, kwani fedha zote zilikuwa na mahali zilipokwenda.

Mimi nina shilingi 3,000,000 katika akaunti ya muda maalumu. Ndizo zilizosalia katika kiinua mgongo changu, na nimeziweka kwa ajili ya ada ya binti yangu wa mwisho aliyeko chuo na kwa maradhi ya uzeeni, maana pensheni ya mwezi inatosha chakula tu. Ninaweza kuzitoa kesho na kumaliza kila kitu. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, anasema dawa ya deni ni kulipa na kwamba jina la familia limeshachafuka vya kutosha. Binti yangu mkubwa, ambaye kwa hakika ndiye mwenye akili ya fedha hapa nyumbani, anapinga kabisa: anasema nikilipa leo bila kadi kurudi, baada ya miezi michache tutakaa kikao hikihiki, na mdogo wao hatakuwa na ada. Mwanangu mwenyewe anataka benki imwongezee mkopo juu ya mkopo, jambo ambalo litamsogezea miaka mingine mingi ya makato kwa ajili ya fedha zilizokwisha kuliwa.

Nimejaribu kujielimisha kidogo. Nimefahamu kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa kuwa na leseni, na kwamba taasisi zisizopokea amana zimewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho riba ya laki tano ingekuwa shilingi 17,500, si 150,000. Nimesoma pia kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini yake, na mbili kati ya zile anazodaiwa mwanangu zimo katika orodha hiyo. Kwangu mimi fedha iliyopokelewa lazima irudi, hata kwa asiye na leseni. Kinachonikera ni hizi nyongeza na vitisho.

Ushauri ninaouomba hasa ni wa mpangilio. Mawazo yangu ni kutoa sehemu tu ya akiba, pengine shilingi 900,000, nikaanza na mwenye kadi na mama wa marejesho ya wiki, nikiwalipa mimi mwenyewe mkononi mwao na kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, halafu programu, kikoba na walimu wenzake avilipe mwenyewe kidogokidogo kwa mshahara utakaokuwa umerudi mikononi mwake. Je, ni haki kumwambia mwenye kadi kwamba shilingi 1,200,000 alizokwisha kupokea zinatosha, au nitakuwa ninamchokoza mtu ambaye bado ameishika kadi na ana karatasi iliyosainiwa? Je, mwanangu akienda benki akabadilisha namba ya siri na kupewa kadi nyingine kabla hatujaelewana, atahesabiwa kuwa ametapeli? Na kwa habari ya vitisho vya programu, tuanzie polisi, Benki Kuu, au kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi?

Liko jambo moja zaidi, nalo linanielemea kuliko hesabu. Mkewe hajui habari ya kadi; anadhani mshahara huchelewa. Mwanangu ananisihi nisimwambie, lakini sioni mpango wa kulipa unaoweza kusimama ikiwa mwenye kupanga bajeti ya nyumba amefichwa ukweli, tena huku akikopa kikoba kwa ajili yake. Je, nimshurutishe aseme kabla sijatoa hata shilingi moja, au hayo ni ya mume na mke na mimi kama mkwe nikae pembeni? Mshahara ujao unaingia mwishoni mwa mwezi huu, kwa hiyo ningeshukuru kupata jibu lako kabla ya tarehe hiyo.

Wako,
Mama wa watoto wanne,
Morogoro