Kwa nini malori yetu hayaendi yamegandana

Juzi mteja wetu mmoja, mfanyabiashara wa vigae mwenye kontena mbili za kwenda Lubumbashi, Kongo, alitutumia video kwa WhatsApp. Malori matatu ya Ulaya yanafuatana kwenye barabara pana, yamekaribiana kama mabehewa, na dereva wa nyuma kaondoa miguu kwenye pedeli. Chini yake kaandika: "Wenzenu wanaokoa mafuta. Na zangu mbili ziende hivi, halafu mnipunguzie bei."

Si yeye wa kwanza kuuliza, kwa hiyo tunawajibu wote hapa.

Video ile haidanganyi. Lori likiwa kwenye mwendo linasukuma hewa, na nyuma yake linaacha kama kivuli cha upepo. Lori la pili likiingia kwenye kivuli hicho, injini yake inapata nafuu. Aprili 2016 watengenezaji sita wa malori, DAF, Daimler, Iveco, MAN, Scania na Volvo, walituma misafara ya namna hiyo hadi Rotterdam, Uholanzi. Baadaye MAN na kampuni ya usafirishaji ya DB Schenker wakasafirisha mizigo ya wateja kwenye barabara ya A9 ya Ujerumani, kati ya Munich na Nuremberg, malori mawili mawili yakiachana mita 15 hadi 21. Sheria ya kule inataka malori yaachane mita 50 kwenye barabara kuu, kwa hiyo hata wao walihitaji ruhusa maalumu. Matokeo yalitolewa 2019: mafuta yaliyookolewa ni asilimia 3 hadi 4.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori linakata mita 22 kila sekunde. Ukiwa mita 15 nyuma ya mwenzako, hujamaliza kushtuka umeshamvaa. Wale hawategemei kushtuka. Dereva wa mbele akikanyaga breki, redio inaiambia kompyuta ya lori la nyuma papo hapo, nalo linafunga breki kabla dereva wake hajauinua mguu. Malori yetu hayana kifaa hicho. Yana dereva aliyeamka saa kumi alfajiri, na breki za upepo ambazo nazo zinataka muda wake kabla hazijashika.

Halafu kuna barabara yenyewe. Dar hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni zaidi ya kilomita 900, na mwenye kuijua anajua ni ngapi kati ya hizo unaenda mwendo mmoja bila kugusa gia. Ndani ya hifadhi ya Mikumi unatakiwa upunguze mwendo, kuna matuta, na nyati hana habari na ratiba yako. Mwendo ukishuka hivyo upepo nao unakuwa si kitu, kivuli chake hakikusaidii. Ukipita Ruaha Mbuyuni unaanza kupanda Kitonga. Pale lori lenye kontena la vigae linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini inanguruma, kona baada ya kona, na utingo keshafungua mlango, gogo la kuzuia tairi liko mkononi. La mbele likikosa nguvu likaanza kurudi nyuma, aliyeliganda hana pa kukimbilia. Tumeliona hilo kwa macho, na tangu siku hiyo Kitonga hatubishani na mtu: lori letu halianzi kupanda mpaka la mbele limepotea kwenye kona.

Hata wenye barabara nzuri hesabu iliwashinda. Januari 2019 Daimler walitangaza kuachana na mpango huo. Walisema akiba ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia, na kila msafara ulipokatika, mafuta ya kukimbiza lori la nyuma lilifikie la mbele yaliila akiba hiyo. Kwetu msafara ungekatika Vigwaza kwenye mizani, ukakatika tena Morogoro, na bodaboda wangeingia katikati hata kabla ya Chalinze.

Hesabu yetu wenyewe ni hii. Lori lenye mzigo kamili linatupa kama kilomita mbili kwa lita, yaani lita 460 na kitu hadi Tunduma. Asilimia 4 ya hiyo ni lita 18, na hizo ni kama njia nzima ingekuwa A9. Lita hizo tunazipata kwa kuhakikisha upepo wa tairi uko sawa na kuzima injini kwenye foleni ya mizani. Turubai nalo likifungwa ovyo likapigapiga njia nzima linakula dizeli (madereva hawapendi kusikia hili).

Kwa hiyo mzigo wako ukiwa kwenye malori mawili, yanatoka yadi kwa kupishana nusu saa. Madereva wanapigiana simu kwenye vituo, na wanalala sehemu moja, kwa sababu moja likiharibika spea na mikono ya pili iwe karibu. Wakifika Tunduma wanakutana, maana karatasi za mteja mmoja zikishughulikiwa pamoja zinaturahisishia kazi.

Mwenye vigae bei hatukumpunguzia. Ila alituambia kontena lenye vigae vya sakafu ndilo linalosubiriwa na fundi, tukalitanguliza. Nawe ukileta mbili, tuambie ipi inasubiriwa kabla hatujapakia.