Shosti, hivi mchicha tunaokula unatoka wapi?

Shosti wangu mambo,

Nisamehe kwa ukimya, ila kuna kitu kimenikaa kichwani tangu jumamosi lazima nikwambie. Unamkumbuka yule mama anayepita na beseni la mboga asubuhi hapa Tabata? Nilishuka naye mpaka bondeni anakochukulia, maana miaka yote hii nanunua mafungu yangu mawili, naosha, natia nazi, basi, sijawahi hata kuuliza.

Matuta mazuri shosti, kijani kabisa, afu nageuka naona vijana wanachota maji ya kumwagilia kutoka mto Msimbazi palepale. Na ule mto unaujua, unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti kwenye viwanda na machinjio, ndo unatufikia sisi kabla haujaingia baharini pale Salender. Maji meusi yananuka. Nikakosa raha kabisa, mwanangu nampa hiyo mboga tangu ana miezi minane.

Utaniambia chemsha vizuri. Wadudu kweli wanakufa, ila madini ya risasi na mengine ya viwandani yakishapandia kwenye mizizi yakakaa ndani ya jani lenyewe, hayatoki kwa kuosha wala kwa moto. Hilo ndo linaniuma.

Kijana mmoja nilimuuliza kwa nini asitumie maji ya bomba, akaniambia dada, bili nalipa na nini, wachuuzi wananunua tuta zima kwa bei wanayotaka wao. Sikuwa na jibu. Na kusema ukweli simlaumu, anaamka alfajiri analisha mji, mi namlaumu anayefungulia uchafu wake mtoni huko juu. Yule mama wala hakusema kitu, alishalipia tuta lake, akainama anang'oa.

Ujue mchele tunauliza, huu wa Kyela au wa Shinyanga, mpaka muuzaji anaapa. Nyanya tunajua ni za Ilula zimeshuka Kitonga kwenye matenga. Ila mboga ya majani, tunayokula karibu kila siku, inayolimwa mtaa wa pili tu hapo, hatuulizi!

Nimeanza na matembele kwenye viroba vitatu nyuma ya jiko, yameshika. Mama yako alikuwa anapanda mnavu kwenye viroba, si ndio? Muulize alikuwa anachanganya udongo na nini, na ukija Desemba niletee mbegu. Msalimie sana.

Wako wa siku zote