"Pumzika" si dawa ya mgonjwa wa mapafu

Mhariri,

Mama yangu alikaanga maandazi kwa kuni zaidi ya miaka 30, kwenye kibanda kisicho na dirisha. Leo akitoka kitandani kwenda uani hushika ukuta, mabega juu, anahema. Kliniki walimpa dawa ya kuvuta, wakamwambia, "Mama, pumzika." Akapumzika kweli. Miezi michache baadaye hata kuinuka kwenye kigoda akawa anataka mkono wa mjukuu.

Mapafu yaliyoharibiwa na moshi hivyo hayarudi upya. Ila miguu isiyotumika hulegea, na miguu iliyolegea humaliza pumzi haraka zaidi. Mazoezi huifundisha misuli kufanya kazi kwa hewa ileile kidogo.

Lakini kumwambia mgonjwa "uwe unatembeatembea" nako ni kumtupa. Panadol tu ina kipimo! Kipimo cha mazoezi kipo: korido ya mita 30, saa, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Mgonjwa anatembea dakika 6, umbali unaandikwa, naye anataja pumzi ilivyombana, kuanzia 0 hadi 10. Hapo ndipo anapangiwa mwendo wake, angalau mara 2 kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 8. Asiyeweza dakika 10 mfululizo aende moja, apumzike moja, arudie. Na wale waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu wasisahaulike; kadi yao ya TB imefungwa, kifua bado kinabana.

Hatimaye tulimpata mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, hospitali ya mbali. Alimwanzisha kusimama na kuketi kwenye kiti, kunyanyua chupa za maji, na kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Mama alicheka: uzee wote huu anafundishwa kukaa! Wiki ya nne alikwenda gengeni, akarudi na fungu la nyanya, kasimama njiani mara mbili tu.

Wiki ya tano nauli ilitushinda. Faida hii huyeyuka mazoezi yakikatika, na sasa ameanza tena kushika ukuta. Kituo cha afya cha mtaani kwetu kina korido ndefu na viti vya plastiki. Wizara imfundishe muuguzi mmoja pale, awakusanye wagonjwa hawa asubuhi mbili kwa wiki.

Msomaji,
Morogoro