Shukrani kwa mama wa karoti, sokoni Wete

Mara mbili nilipanda karoti nyuma ya nyumba, mara mbili nikaambulia patupu. Kwanza mbegu hazikuota. Kisha nikaotesha kwenye makopo, nikahamisha miche. Nilichokuja kung'oa kilikuwa na miguu miwili kama suruali.

Nikamlalamikia mama mmoja muuza mboga sokoni Wete, hata jina sikumuuliza. Kesho yake alasiri huyo, kaja kwa miguu na jembe lake begani. Akalima tuta kwenda chini shubiri moja na nusu, akachambua vijiwe kimoja kimoja (mimi nilichoka kumtazama tu). Mbegu akazichanganya na mchanga mkavu, akazinyunyiza kwenye mfereji mwembamba, akazifukia kidogo mno.

"Karoti haihamishwi, mwanangu. Inazaliwa hapo hapo."

Akafunika gunia lililorowa, akaniambia nililoweshe asubuhi na jioni, niliondoe zikichomoza tu. Siku ya 9 zikachomoza. Akarudi tena kupunguza zilizosongamana, akaacha nafasi ya vidole vitatu. Nauli alikataa, alichukua ndimu mbili.

Mama, ukisomewa haya, fungu la kwanza nimekuwekea. Pita uchukue.